Kivuli cha Zamu ya Asubuhi

Mama Pazia alikuwa akipinda upindo wa pazia la mteja, pini zimejaa mdomoni, mlango ulipobishwa. Ilikuwa saa ile ambayo jua huingia kwa dirisha la nyuma na kulala juu ya meza ya kukatia. Kazi za kupima alizitunzia saa hiyo, kwa sababu mwanga wake hauna upendeleo: ukipinda vibaya, unaonekana. Alitema pini kwenye kiganja, akaenda kufungua.

Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, mnene, aliyevaa koti la kiwanda cha magodoro. Chenga za sponji ya pinki zilikuwa zimemkaa kwenye nyusi. Miguuni pake kulikuwa na vivuli viwili. Kimoja kilikuwa kipana kama mwenyewe. Cha pili kilikuwa chembamba, bega moja limeshuka kidogo, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Samahani kwa kuja bila taarifa. Nadhani huyu ni wako."

Mama Pazia alikitazama kile chembamba. Binti yake alikuwa na tabia hiyo ya kushika kiwiko tangu utotoni, kila aliposubiri kufunguliwa mlango.

"Ni wangu," alisema. "Amechelewa."

"Foleni ya kukaguliwa getini ilikuwa ndefu."

"Futa miguu, uingie. Yeye anajua nyumba."

Mwanamke yule akafuta miguu. Kivuli chembamba hakikufuta. Kilipita kizingiti kabla yake, kikakunja kona ya meza bila kuigusa, kikajilaza pembeni ya cherehani, mahali ambapo binti alizoea kukaa akitoka kazini na kueleza habari za siku yake huku mama akishona.

Binti huyo watu walimwita Uzi. Jina alipewa na mama yake mwenyewe, kwa wembamba wake. "Nimezaa uzi," alikuwa akiwaambia wateja, "sasa natafuta sindano ya kumtunga." Uzi alifanya kazi zamu ya asubuhi kwenye mashine ya kukata sponji, na alikufa kwenye mashine hiyo kabla ya mvua kuanza. Kiwanda kilileta ujumbe wa watu wawili, msimamizi wa zamu na mtu wa ofisini. Walikuja na koti lake limefuliwa na kupigwa pasi, godoro jipya ndani ya nailoni yake, na maelezo. Maelezo yalikuwa kwamba marehemu alifunga kitambaa cha kichwa ovyo, ncha ikanaswa na gurudumu.

Mama Pazia aliwaambia kwamba kitambaa hicho alikishona yeye, kina mpira nyuma, hakina ncha. Wakasema pole sana, Mama. Wakamaliza chai, wakaaga. Godoro lilisimamishwa ukutani, na huko lilibaki na nailoni yake. Mama Pazia aliendelea kulalia godoro lake la zamani lililobonyea katikati kama sahani.

Mgeni alikaa kwenye kigoda, kigoda kikalalamika.

"Wananiita Kontena," alisema. "Usijali, sina ubaya nalo. Mimi ndiye waliyeniweka kwenye mashine ya marehemu."

Mama Pazia alijua kwamba wameweka mtu. Alishamwazia mara nyingi, na katika mawazo yake mtu huyo alikuwa msichana mwembamba mwenye haya, anayeishika mashine kwa uangalifu kama mali ya watu. Hakumtegemea mtu mzima mwenye kucheka kwa sauti. Alirudisha pini mdomoni ili asilazimike kujibu.

Kontena alieleza bila kuulizwa. Kiwandani kuna desturi ya kukabidhiana zamu. Anayetoka huweka kiganja juu ya meza ya mashine na kusema, "Nakuachia na vyake vyote." Anayeingia huweka kiganja chake juu ya kile cha mwenzake na kujibu, "Nimepokea na vyake vyote." Hakuna anayejua nani alianzisha. Bila maneno hayo mashine haiwashwi, hata meneja akiwa amesimama pale. Asubuhi ile ya ajali zamu haikukabidhiwa kwa mtu. Wembe ulisimama, watu wakatolewa nje, mashine ikaoshwa. Kontena alipoajiriwa alikuta hakuna wa kumwachia.

"Msimamizi akaniambia, sema yote mawili wewe mwenyewe, tuanze kazi. Nikaweka kiganja cha kushoto, nikaweka cha kulia juu yake. Nikajiachia, nikajipokea. Nilipoinua mikono, naye akainuka."

"Na vyake vyote," alisema Mama Pazia kupitia pini.

"Ndiyo hivyo. Mwanzoni nilidhani ni taa za kiwandani. Lakini zamu ikiisha, nikigeukia kwetu, miguu inakuwa mizito kama nimevaa matofali. Nikigeukia huku inakuwa myepesi. Leo nikasema basi, ngoja nimfuate nione anataka nini. Kumbe anataka nyumbani."

Jua lilipokuwa likizama, vivuli vyote viwili vikarefuka hadi ukutani, kisha vikayeyuka gizani. Kontena alisimama, akaaga. Mama Pazia hakumsindikiza. Mgeni alipofika mlangoni, ndipo alipomwita.

"Kesho msichelewe," alisema. "Uzi hapendi kutembea na giza."

Basi ikawa hivyo. Kila siku zamu ilipoisha, Kontena alimleta Uzi nyumbani kwao. Majirani waliviona vile vivuli viwili vikipanda barabara, wakasalimia: "Mmerudi?" Kontena akajibu kwa niaba ya wote, "Tumerudi, tumechoka." Siku za mawingu alikuja peke yake, kwa maana hakuna kivuli cha kuleta, akasimama mlangoni kama mtu aliyeangusha mzigo njiani. Mama Pazia alimkaribisha hata siku hizo, kwanza kwa adabu tu, baadaye kwa sababu chai ilikuwa imeshatiwa kwenye vikombe viwili.

Hawakufanana kwa lolote. Mama Pazia alisema kidogo, alisali kabla ya kuanza kazi na baada ya kumaliza, na alikunja hata vitambaa vya kufutia. Kontena aliongea akitafuna, alisahau kufunga milango, na aliitikia "Amina" kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Mama Pazia aliposali, kivuli chembamba kiliunganisha mikono, kikichelewa kidogo, kama Uzi alivyochelewa akiwa mtoto kwa kuchungulia kama mama amefumba macho kweli.

Katika sala zake za baada ya mazishi, Mama Pazia alikuwa ameomba kitu kimoja. Hakuomba binti arudishwe, kwa kuwa aliona hilo ni kumpangia Mungu kazi. Aliomba aachiwe kidogo. Sasa alikuwa ameachiwa kidogo, na alishukuru kila jioni kwa sauti, mbele ya mgeni, bila kuona haya.

Kontena alipata kuligusa lile godoro la ukutani. Alilibonyeza kwa vidole, akainama, akachungulia kona zake kupitia nailoni.

"Nani kakuletea hili?"

"Wenyewe. Pamoja na pole."

"Hili kakata yeye. Njoo uone kona. Sisi wote tunakata kona kali, tunawahi lengo la siku. Yeye alikuwa anazungusha kidogo, hivi. Stoo wanayajua. Wanasema haya ni ya yule binti, hayachubui shuka."

Mama Pazia akaja, akapitisha kidole kwenye kona. Ilikuwa imezungushwa kama kona ya kola. Yeye ndiye aliyemfundisha hivyo, kwenye mito ya viti. Alitafuta mkasi, akachana nailoni. Wakalishika godoro wakalitandika kitandani pamoja, na lile la zamani likatolewa uani. Tangu siku hiyo Mama Pazia alilala vizuri, na asubuhi aliamka amelia bila kukumbuka ndoto.

Ukweli wa ajali ulijulikana kwa sababu ya bitana.

Mama Pazia alikuwa ametundika kitambaa cheupe cha bitana katikati ya chumba ili kikunjuke kabla ya kukatwa. Jioni hiyo umeme ulikuwa hafifu, akawasha taa ya mafuta, akaiweka sakafuni nyuma ya Kontena. Kivuli kipana kilienda darini na kubaki huko. Kile chembamba kilipanda kwenye bitana, kikasimama wima, kikaanza kazi.

Kilisukuma sponji kwenye wembe, kikaipokea upande wa pili, kikaiweka pembeni. Kikasukuma, kikapokea, kikaweka. Kisha kikainama kushoto, chini, mahali lilipo gurudumu la chini la mashine, kikanyoosha mkono kutoa chenga. Mkono wa koti ulikuwa mpana na mrefu, ukapita vidole, ukaning'inia. Hapo kivuli kilisimama ghafla. Kikakaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi. Kisha kikainuka, kikaanza upya kusukuma sponji.

"Kama sinema," alisema Kontena polepole.

"Irudie," alisema Mama Pazia, ingawa kivuli hakikuhitaji kuambiwa.

Waliitazama tena na tena hadi mafuta yakapungua. Kichwa kilikuwa kimefungwa vizuri. Kitambaa hakikuwa na ncha. Kilichoingia ni mkono wa koti.

Kontena akaeleza lililobaki, macho yake kwenye bitana. Gurudumu la chini lilikuwa na kava ya bati. Chenga zikijaa, mtu alitakiwa kuzima mashine, kufungua nati za kava, kusafisha, na kuifunga tena. Ilikula muda. Kwa hiyo kava ilitolewa moja kwa moja, na watu wakawa wanaingiza mkono mashine ikiwa inazunguka. Makoti nayo yaliletwa ya saizi moja, saizi ya mwanamume mkubwa.

"Mimi linanikaa," alisema. "Ndiyo maana bado nina mikono."

"Aliniomba nimpunguzie," alisema Mama Pazia. "Akaenda kuomba ruhusa kwanza, alivyo mwenyewe. Msimamizi akakataa. Alisema koti ni mali ya kiwanda, halikatwi."

Kesho yake walikwenda kwa meneja. Mama Pazia alivaa nguo yake ya ibada, akabeba bitana imekunjwa kwapani na taa ya mafuta kwenye kikapu. Meneja aliwapokea vizuri, akawapa viti. Alikuwa mtu mpole anayesikiliza huku akitikisa kichwa. Msimamizi alisimama nyuma yake. Juu ya kabati fupi, kando ya birika, kulikuwa na bati lenye matundu lililopindwa mithili ya beseni refu, na juu yake vikombe vya chai vimepinduliwa vinachuruzika.

"Ile pale," Kontena alinong'ona. "Kava."

Walitundika bitana kwenye kabati la faili, wakafunga mapazia, wakawasha taa. Mama Pazia, kwa mazoea, aliona kwamba mapazia ya ofisi yamepindwa vibaya. Uzi alipanda kwenye bitana, akasukuma sponji, akapokea, akaweka, akainama kushoto, akanyoosha mkono, akasimama.

Meneja aliangalia hadi mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta.

"Nashukuru kwa kunionyesha. Ni mchapakazi sana," alisema.

"Ni kitambaa au ni koti?" aliuliza Mama Pazia.

"Naona koti, Mama. Nisiseme uongo, naona koti. Lakini ripoti imeshafungwa na kitambaa."

"Na kava?"

"Kava itarudishwa. Tukimaliza oda hii kubwa ya hospitali, fundi ataifunga. Nakuahidi." Akageuka kwa msimamizi. "Kwani mashine ile ina watu wangapi sasa?"

Msimamizi alifikiri.

"Kwenye mshahara mmoja. Kwenye sakafu wawili."

"Basi lengo liendane na sakafu," alisema meneja, "na mshahara ubaki ulipo. Haiwezekani mashine yenye watu wawili itoe kazi ya mmoja, wenzao watanung'unika."

"Huyu ni kivuli, bosi," alisema Kontena.

"Nimemwona. Hajapumzika hata mara moja." Meneja aliinuka, akawafungulia mlango mwenyewe. Mhudumu aliingia akachukua vikombe vilivyokauka.

Lengo likawa mara mbili. Uzi alifanya kazi sana, kama meneja alivyosema, lakini kivuli hukata vivuli. Kila alasiri kulikuwa na rundo la vivuli vya magodoro kando ya mashine, vimekatwa vizuri, kona zimezungushwa. Mtunza stoo alivipokea wiki ya kwanza, kisha akalalamika kwamba stoo inakuwa giza na haoni lebo. Akaagizwa avitoe nje nyuma ya jengo, na huko mbwa wa kiwanda wakapata mahali baridi pa kulala. Magodoro yenyewe ya lengo la pili aliyakata Kontena.

Alianza kufika kwa Mama Pazia jua likiwa limebaki kidogo, halafu likiwa limebaki kamba tu ya mwanga ukutani. Vicheko vilipungua. Alikaa kwenye kigoda akasinzia na kikombe mkononi, na Mama Pazia akakitoa kikombe vidoleni taratibu kama alivyokuwa akimfanyia Uzi.

Siku moja Kontena aliingia akiwa ameficha mkono wa kushoto nyuma.

"Una uzi wa bluu?" aliuliza. "Nimepata kitundu kidogo."

"Lete nione."

"Kidogo tu, Mama. Wewe nipe sindano, nitashona mwenyewe."

"Wewe, kushona? Hata kufungua karanga unatumia meno. Lete mkono."

Kontena akauleta. Mkono wa koti ulikuwa umechanika kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko, nyuzi zimevutwa upande mmoja wote. Mama Pazia alizigeuza nyuzi hizo kwenye mwanga. Alikuwa ameshaliona pacha la mchaniko huo. Koti lililoletwa na ujumbe, alilolikunjua kwa mara ya kwanza walipotoka kwa meneja, lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, lakini lilikuwa limechanika hivyohivyo, na mwelekeo wa nyuzi haufutiki kwa pasi.

"Koti linakukaa," alisema. "Ulisema linakukaa."

Kontena alikitazama kivuli chembamba, kilichokuwa kimekaa pembeni ya cherehani kama kawaida.

"Si koti," alisema mwishowe. "Ni yeye. Ile saa yake ikifika, anainama kutoa chenga. Lazima ainame, ndipo alipoishia. Akiinama ananivuta. Zamani nilikuwa nakaza mguu, nashinda. Siku hizi nimechoka, Mama. Leo nimekwenda naye nusu ya njia."

Chai ikapoa. Mama Pazia alishona mchaniko kwa mishono midogo sana, akaupunguza mkono wa koti hadi ukabana, akatia mpira kwenye ncha yake, bila kumwomba ruhusa mtu. Alipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Acha kazi," alisema.

"Niende wapi? Nina mama yangu kitandani na mdogo wangu chuoni, wote wananitazama mimi. Hakuna anayeajiri mtu wa umri wangu." Kontena alijaribu kucheka. "Labda waniweke bandarini na wenzangu."

Kulikuwa na njia, na wote wawili walikuwa wakiijua bila kuitaja. Zamu ile ilikuwa haijawahi kukabidhiwa kihalali. Ikikabidhiwa na watu wawili, viganja viwili, Kontena angekuwa huru. Uzi angekwenda wapi, hapo ndipo hapakuwa na wa kuuliza. Huenda angebaki. Huenda angehesabu kwamba zamu yake imekwisha, akatoka getini, akaondoka kama wanavyoondoka wengine.

Kontena alipokwisha kwenda, Mama Pazia alipiga magoti mahali ambapo kivuli kilikuwa kimekaa. Alisali muda mrefu. Hakujibiwa kwa sauti wala kwa dalili. Alichoona kila alipofumba macho ni nyuzi za bluu zimevutwa upande mmoja. Alipoinuka alisema, "Haya," kwa namna mtu anavyomwambia mwenye nguvu kuliko yeye, kisha akaosha vikombe vyote viwili.

Siku iliyofuata, zamu ya asubuhi ilipokuwa ikiisha, alifika kiwandani. Mlinzi alimjua, akampisha. Ndani mlikuwa na kelele na vumbi la pinki, na wanawake wa zamu ya mchana walikuwa wamejipanga kando ya mashine zao wakisubiri kupokea. Mama Pazia alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukata sponji. Ndiyo mara ya kwanza kuiona. Ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri. Chini kushoto gurudumu lilikuwa wazi, likizunguka polepole kuelekea kusimama.

"Mama, huku si ruhusa," alisema msimamizi.

"Nimekuja kupokea zamu ya binti yangu."

"Hakuna utaratibu kama huo."

"Na wa mtu kujiachia na kujipokea upo?"

Yule wa zamu ya mchana aliyekuwa akisubiri mashine alisema, "Mwache mama wa watu apokee, tuwashe mashine. Sisi lengo halitusubiri." Wengine wakacheka, mmoja akaguna.

Kontena alimtazama Mama Pazia.

"Akienda je?"

"Mkono, mwanangu. Weka mkono."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Kontena akaweka kiganja juu ya meza ya mashine.

"Nakuachia," alisema, na sauti yake kubwa ikawa ndogo, "na vyake vyote."

Mama Pazia aliweka kiganja chake juu. Bati la meza lilikuwa la moto chini ya mkono wa Kontena, akalisikia joto likipita.

"Nimepokea na vyake vyote."

Wakainua mikono. Kivuli chembamba kilibaki juu ya meza, peke yake, hakijaunganika na miguu ya mtu. Kilishika kiwiko. Mama Pazia alikiona kikisita, na akajikaza asikiite, kwa sababu alikuwa amekwisha kusema "Haya." Kisha kikateremka mezani, kikavuka sakafu yenye chenga, kikaja kusimama kwenye visigino vyake.

Mama Pazia alipumua. Akaweka tena kiganja mezani na kumgeukia mwanamke wa zamu ya mchana.

"Mashine nakuachia wewe," alisema. "Vyake naondoka navyo."

"Nimepokea mashine," alijibu yule mwanamke, akawasha.

Jioni hiyo Mama Pazia alikaa na vivuli vyake viwili, kimoja cha mshonaji mwenye mgongo uliopinda, kingine chembamba. Alitoa vikombe viwili vya chai, akakumbuka, akakirudisha kimoja kabatini. Hapakuwa tena na sababu ya Kontena kuja. Jua lilikuwa limebaki kamba tu mlango ulipobishwa.

"Umesahau nini?" aliuliza Mama Pazia.

"Nimesahau kuacha kuja," alisema Kontena, akaingia bila kufuta miguu.

Kilichobaki kilikuwa kwamba Uzi hakuwa ameacha kazi. Asubuhi aliamka kabla ya mama yake na kuelekea mlangoni, na miguu ya Mama Pazia ikawa mizito kama matofali alipojaribu kukaa kwenye cherehani. Basi akabeba kazi zake kwenye kikapu, akamfuata. Mlinzi alimtafutia kiti, akakiweka nje, kando ya ukuta, chini ya dirisha la mashine ya kukata sponji. Hapo Mama Pazia anashona kila siku ya kazi. Wafanyakazi humletea makoti, naye huyapunguza mikono na kuyatia mpira. Kiwanda kimeruhusu, kwa gharama ya mwenye koti, na picha yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo kama mfano wa ushirikiano mwema na jamii.

Lengo la mashine ile halikushushwa. Meneja alieleza kwamba lengo likishapanda huwa ni ushahidi kwamba linawezekana. Kontena hulifikia siku nyingi. Akipungukiwa hukatwa mshahara. Oda ya hospitali iliisha, ikaja ya shule za bweni.

Asubuhi jua likipanda hufika upande wa dirisha, likampiga Mama Pazia mgongoni, na vivuli vyake viwili hupanda ukuta, hupita kwenye nondo na kushuka ndani hadi kwenye mashine. Chembamba huanza kazi mara moja: husukuma, hupokea, huweka. Ile saa yake ikifika huinama kushoto, na huku nje mkono wa Mama Pazia wenye sindano huvutwa kuelekea ukutani. Huuacha uvutwe. Ukutani hakuna gurudumu.

Kivuli chake mwenyewe hakifanyi kazi ya kiwandani. Huenda kwenye gurudumu la chini na kulifunika kwa kiganja, mahali pa kava. Kiganja cha kivuli hakizuii kitu, gurudumu huzunguka ndani yake kama kwenye maji. Lakini Kontena, akiingiza mkono kutoa chenga, huona giza dogo pale chini, akakumbuka kuuvuta mkono upesi.

"Nimekuona, Mama," husema bila kuinua kichwa.

"Shika kazi yako," hujibiwa kutoka nje.

Ofisini, mhudumu huosha vikombe vya alasiri na kuvipindua juu ya kava, na maji hupita kwenye matundu, taratibu, mpaka vikauke.